Senene kwa Mwenye Duka la Vitenge

Mimi siwezi kusikiliza taarifa ya habari nikiwa nimenyamaza. Nimejaribu, nimeshindwa. Msomaji akisema "inatarajiwa", namuuliza, "Na nani?" Akisema wananchi wameombwa kuwa wavumilivu, namjibu palepale, kwa sauti ya soko la samaki, kwamba mimi ni mwananchi na sijaombwa. Redio haijawahi kunijibu. Mtu wa kunijibu alikuwa mmoja tu katika mji wote wa Bukoba, na ndiye ninayetaka kumwandika, kabla watu hawajaendelea kuitia chumvi habari yetu. Chumvi imeshatusumbua vya kutosha, kama mtakavyoona.

Mtu huyo ana duka la vitenge na mashuka pale Miembeni. Watu wanamwita Mhindi, na yeye anaitika, lakini amezaliwa Bukoba, baba yake amezikwa Bukoba, na akikasirika anatukana kwa Kihaya ambacho hata mimi inabidi nikumbuke bibi yangu ndipo nikielewe. Zamani mtaa mzima ulikuwa na maduka ya watu wa kwao. Wengi wameondoka. Yeye amebaki na duka lake, redio yake, na benchi la mbao kwenye baraza, karibu na fundi cherehani mwenye ndevu ndefu ambaye hashoni kama kuna mazungumzo.

Mimi ni wa Muleba, nimezaliwa kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Shule niliishia darasa la pili. Baba alisema msichana akishaweza kusoma jina lililoandikwa kwenye gunia lake, shule imemaliza kazi. Basi nikachukua gunia langu nikaenda nalo Kemondo kuuza dagaa. Hao dagaa ndio waliojenga nyumba yangu ya kupangisha Kashai. Leo wasomi wanapanga kwangu. Yupo mwalimu, yupo nesi, na yupo kijana mwenye digrii ya kitu ambacho mpaka leo ameshindwa kunieleza.

Kila asubuhi nilikuwa nateremka kutoka Kashai mpaka kwenye benchi lile. Redio inafunguliwa, tunaanza.

Siku moja wakatangaza kwamba kuna matajiri wanataka kwenda kuishi kwenye sayari nyingine.

"Waende," nikasema. "Huko nani atawapikia?"

"Watapeleka mashine," akasema mwenye duka.

"Mashine itajua ndizi iliyokomaa?"

"Itafundishwa."

"Na itamenya? Utomvu utaigandisha vidole."

"Waitu, mashine haina vidole."

"Basi itamenya na nini? Unaona? Hujafikiri!"

Namna hiyo mpaka saa nne. Tulibishana juu ya bei ya kahawa, juu ya timu za mpira, juu ya watoto wa siku hizi wanaokohoa kwa Kiingereza. Nilisema msiba sasa umekuwa maonyesho, marehemu anachapishwa kwenye fulana za wafiwa. Mimi nikifa msinichapishe. Mtu atanivaa akienda kulimia. Mwenye duka akasema yeye angependa kuchapishwa, ila kwenye kitenge, kitambaa cha maana. Fundi akacheka mpaka akaangusha mkasi.

Yule mpangaji wangu wa digrii alinionyesha kwenye simu hiyo akili mnemba inayosemwa kila siku. Nikaiuliza maswali. Ikanijibu kwa heshima, ikanisifu, ikanikubalia kila nilichosema. Sikuipenda. Wa kunikubalia ninao tele, ndio wapangaji wangu.

Sasa, asubuhi moja nikakuta redio imezimwa. Mwenye duka amekaa, mikono juu ya magoti.

"Nani kafa?" nikauliza.

"Hajafa mtu. Mwanangu anataka nihamie kwake Dar. Amepata watu wa kununua duka. Msimu wa senene ukiisha, naondoka."

"Dar? Ukafe kwa joto?"

"Kuna kiyoyozi."

"Kwa hiyo utakaa ndani ya friji kama samaki."

Akanyamaza. Hapo nikaogopa. Tangu tufahamiane sijawahi kumtupia neno akalimeza hivihivi.

"Ameniuliza," akasema, "'Baba, mama hayupo, wateja hawapo, huko Bukoba una nani?' Sikuwa na jibu."

Na mimi nimekaa pale pale pembeni yake! Nilipandwa na hasira, lakini siyo hasira ya kusema. Hasira ikatafuta mlango mwingine wa kutokea.

"Umezaliwa Bukoba," nikamwambia, "na unataka kuondoka hujawahi kula senene?"

"Unajua sili wadudu. Mama yangu alikuwa anaogopa ile miguu. Hakuruhusu waingie jikoni kwake."

"Senene si mdudu. Ni nyasi zilizojifunza kuruka."

"Nyasi hazina macho, maawe," akasema, akiniita mama kwa Kihaya.

"Subiri hapo!" nikasema, na nikaenda stendi kupanda gari la Muleba.

Wale senene wa kununua sikuwataka. Siku hizi watu wanawasha taa kali, wanasimamisha mabati, senene wanagonga bati wanaporomokea kwenye pipa. Huyo ni senene aliyechanganyikiwa. Mimi niliamkia kwenye majani ya kibanja chetu kulipopambazuka, umande bado mzito, hawajapata nguvu ya kuruka, nikawaokota kwa mkono kama alivyonifundisha mama. Nikawanyonyoa mbawa na miguu, hasa miguu, nikijua adui ni miguu. Nikawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Zamani mwanamke aliwakamata, akawanyonyoa, akawakaanga, halafu akaambiwa mwiko kuwala, ni chakula cha wanaume. Sheria hiyo niliivunja nyuma ya jiko nikiwa mtoto na sikuvimba tumbo.

Ikaja shida ya kuwafungasha. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, mimi ndiye niliyeitetea marufuku ile kwa sauti kubwa kwenye benchi, na yeye ndiye aliyepinga. Sasa ningeingiaje dukani kwake na mfuko wa plastiki? Nikatafuta kikapu kidogo cha marehemu mama, nikatandika jani la mgomba lililobabuliwa, nikawafunika, nikafunga kwa kamba ya mgomba. Nilikuwa nafikiria ubishi wetu. Sikufikiria kitu kingine.

Nikaingia Miembeni, nikakiweka kile kikapu juu ya meza ya duka. "Kula."

Fundi akaacha kushona, akasogea mlangoni.

Mwenye duka akafungua kamba taratibu. Akachukua senene mmoja, akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano, akatafuna. Akafumbua jicho moja. Akachukua mwingine.

"Chumvi nyingi," akasema.

"Uongo!"

"Chumvi nyingi," akarudia, akachota kiganja kizima.

Alipomaliza kujilamba vidole, akapanda ngazi yake ya mbao mpaka rafu ya juu. Akapekua. Akateremka na kitenge kipya, akakikunja vizuri, akakiweka ndani ya kikapu changu na kunirudishia kwa mikono miwili.

"Baba alinifundisha," akasema. "Bukoba, senene wakiingia, kitambaa kinatoka. Kikapu hakirudi kitupu."

Na mimi, kwa sababu nililelewa vizuri, nikakipokea kwa mikono miwili. Mikono ilipokea kabla kichwa hakijafika.

Asiye wa kwetu nimweleze. Kwa desturi ya Wahaya, mke ndiye anayemletea mume wake senene wa msimu, wamefungwa kwa heshima hivyohivyo, na mume anamjibu kwa nguo mpya. Baba yake mwenye duka aliwauzia vitenge wanaume wa Kihaya misimu yote ya maisha yake, akajua kwamba senene wanalipwa kwa kitambaa. Asichouliza ni nani anamlipa nani. Akamrithisha mwanawe nusu ya desturi.

Nusu ile nyingine alikuwa nayo fundi. Mwanamume mzima, ndevu mpaka kifuani, akasimama barazani akapiga kigelegele.

Ee bojo! Habari ile ilifika Kashai kabla yangu. Kijana wa bodaboda akanisimamia: "Bi harusi, panda, leo bure!" Nikapanda. Sikatai cha bure kwa sababu ya uongo wa watu. Nyumbani mwalimu mpangaji akaniuliza kama sasa tutafuga paka, maana amesikia kwa huyo mume wangu mpya kuna paka. Kanisani Jumapili kinamama wa jumuiya waligeuka wote kwa pamoja, padri akadhani ameimba vibaya. Binti yangu akapiga simu kutoka Mwanza.

"Mama, ni kweli umeolewa kwa senene?"

"Wewe uliolewa kwa nini?"

Akakata simu, maana mume wake ninamjua.

Nilitembea mjini nikiwa nimevimba kichwa, nasema ukweli. Umri wangu huu, kusengenywa habari za mapenzi! Wenzangu wanasengenywa kwamba wamepoteza meno. Nikarudi kwenye benchi kama kawaida, tukabishana kama kawaida, ila mwenye duka alipoelezwa na fundi maana ya alichofanya, alipata kikohozi cha kuanzia asubuhi mpaka mchana. Habari ya Dar hakuna aliyeigusa. Mimi niliiogopa, na yeye, nadhani, pia.

Kisha mtoto wa Dar akateremka na ndege. Habari ilikuwa imeruka kwa simu, ikamkuta mezani anakula. Nilimkuta amekaa kwenye nafasi yangu ya benchi, mtu mzima mwenye kipara kinachoanza, mpole, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea, hapo ni pangu."

Akasogea. Akavuta pumzi.

"Mama, sitaki kukukosea heshima. Nimesikia kwamba wewe na mzee mmeoana kwa desturi ya hapa. Kama ni kweli, habari ya Dar imekwisha. Siwezi kumtoa mtu kwa mke wake. Kama si kweli, wanunuzi wanasubiri neno langu leo hii. Yeye nimemuuliza anakohoa tu. Wewe watu wanasema hujui kusema uongo. Niambie."

Fundi, nyuma yake, alikuwa ananitikisia kichwa cha ndiyo mpaka ndevu zinapepea. Mwenye duka alikuwa anakunja shuka, anakunjua, anakunja lilelile. Neno moja tu, "kweli", na angebaki.

Lakini mimi nimewasema watangazaji, nimewasema wakubwa, nimemsema hata padri, kwa sababu ya maneno yaliyopindishwa. Nianze kupindisha leo?

"Si kweli," nikasema.

Fundi akashika kichwa.

"Mimi si mke wake. Mume nilikuwa naye. Alikuwa mtu mwema, alinikubalia kila kitu mpaka kifo, Mungu amweke pema. Huyu baba yako hajawahi kunikubalia hata kwamba leo ni Jumatatu. Ulimuuliza ana nani huku, akakosa jibu, na hapo kweli alinikera. Ana mimi! Huko ghorofani nani atamwambia kwamba amekosea? Kiyoyozi?"

"Sijakosea," mwenye duka akasema. Kikohozi kilikuwa kimepona.

"Umekosea!"

"Kwenye nini?"

"Kwenye chumvi! Senene wangu hawakuwa na chumvi nyingi."

"Walikuwa nayo."

"Ulikula mpaka jani!"

"Nilikula kwa heshima."

"Heshima gani ya kulamba kikapu?"

"Na bado mifuko ya plastiki ilikuwa na faida zake."

"Ee! Unaruka huko? Fundi, unamsikia anavyoruka?"

"Nyasi zilizojifunza kuruka," akasema fundi.

Mtoto wa Dar alikuwa anageuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama mpira. Simu yake ikaanza kulia. Akaitazama. Baba yake akanyoosha mkono juu ya meza.

"Mwambie huyo mnunuzi haiwezekani," akasema. "Nina ubishi haujaisha."

"Utaisha lini, baba?"

"Siku huyu atakaposema, 'Nimeshindwa.'"

"Basi umezikwa hapa," nikamwambia.

Yule mtoto akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Simu aliijibu kwa maneno mawili, akaizima. Halafu akauliza kwa aibu kama wale senene walibaki. Nilikuwa nao kwenye mkoba, wa akiba. Akafumba macho vilevile kama baba yake, akatafuna.

"Mama," akasema, "chumvi iko sawasawa."

"Msaliti," akasema mwenye duka, na kumvutia kiti akae.

Kitenge nilimpa fundi akanishonea, na alishona siku hiyohiyo, muujiza wa kuandikwa peke yake. Sijawaambia kilivyo. Katika rafu zote za duka lile, mwenye duka alipanda ngazi akanichagulia kitenge cha kasuku. Kasuku wekundu, wakubwa, midomo wazi, kifuani na mgongoni. Nimekivaa kanisani, nimekivaa sokoni, na leo nimekivaa kwenye benchi, redio ikisema kwamba kukatika kwa umeme sasa kutakuwa historia.

"Ya nani?" nikaiuliza.

"Waache wamalize sentensi, maawe," akasema mwenye duka.

Sikuwaacha.