Uso Safi kwa Wakili

Juzi, ofisini kwa wakili katika mtaa wa Khuwair, dada yangu alikuwa akimfuta bintiye uso usio na doa. Skuli imemkataa mtoto kwa kuwa hasomi kama wenziwe, nami nilikuja na hasira na hotuba.

"Wakili akiuliza, nnamwambia hana neno," dada akaninong'oneza. "Ya nyumbani hayamwagwi kwa watu."

Mama mmoja aliyekaa mkabala nasi pamoja na mwanawe akasikia, akaguna. "We bibi! Ukisema hana neno, wakili akudaie nini? Mweleze anavyohangaika na herufi. Aibu ni ya waliomfungia mlango."

Dada akaacha kufuta. Alipoitwa ndani alisema yote, hata machozi ya mtoto kila asubuhi. Mimi, bingwa wa midahalo chuoni, nikarudi nyumbani na hotuba yangu. Mama yule, ahsante sana.