Popo wa Darini kwa Bi Geti

Tangu Bi Geti amtoe chumbani, Fundi Pazia hakuwa na hamu nyingine ila kumkomoa. Bi Geti alikuwa wa kwanza mtaani kuweka geti la chuma, na tangu siku hiyo alitembea kana kwamba amelivaa shingoni. Fundi alipanga kwake miaka sita, vyumba viwili vya chini, choo ndani. Akaja karani wa benki, akataja kodi kubwa zaidi, na fundi akapewa wiki mbili za kuhama. Wiki mbili, baada ya miaka sita!

Akaishia ghorofa ya tatu, mahali pekee palipolingana na mfuko wake. Mwezi uleule mama yake akaja kuishi naye, magoti yamekwisha. Kila asubuhi mama alishuka ngazi kwa makalio, kipandio kimoja kimoja, na akifika chini anacheka ili fundi, binti yake, asilie. Fundi alizunguka mji mzima akitafuta chumba cha chini. Vya bei anayoiweza, choo kiko ng'ambo ya uwanja. Vyenye choo ndani, ukisikia kodi unashika kichwa.

Basi, karani akahamishwa kikazi. Na watu wa mji ule walikuwa na tabia moja: hawalipii chumba kabla hawajajua mapazia yatawagharimu kiasi gani. Fundi wa mapazia alikuwa mmoja tu. Kila aliyetafuta nyumba alimjia na vipimo vya madirisha kwenye karatasi, na vipimo vya kwa Bi Geti fundi alivijua kwa moyo.

"Upana mita moja na robo, urefu mbili," alisoma mke wa dereva.

"Ahaa, kwa Bi Geti. Dada, wamekwambia habari ya popo?"

"Popo gani tena?"

"Wa darini. Mimi nimekaa pale. Mkojo unadondokea mpaka kwenye sahani."

Hakukuwa na popo hata mmoja. Mke wa dereva akaenda zake, akafuata nesi, akafuata fundi bomba na wanawe watatu waliobanana kwa shemeji. Huyo wa mwisho alimtia fundi huruma kidogo, lakini naye alipewa popo wake, tena wengi zaidi. Mama, aliyeshinda dukani akikunja vitambaa, alisikiliza na kuguna.

Miezi minne vyumba vikakaa vitupu. Fundi alipita makusudi mbele ya geti kutazama yale madirisha yasiyo na pazia, na alisikia raha kama mtu aliyekunwa mgongoni panapomwasha.

Siku moja Bi Geti akaingia dukani mwenyewe, ufunguo mkononi.

"Fundi, mwenzangu, yaishe. Rudi kwa kodi ileile ya zamani."

Moyo ulimruka fundi, lakini alisukuma cherehani mpaka mwisho wa mshono, makusudi, Bi Geti asimame kidogo.

"Punguza chini ya hiyo," alisema. "Na mkataba wa miaka mitatu."

"Haya," alisema Bi Geti.

Akanyoosha ufunguo. Fundi akanyoosha mkono.

"Mwanangu!" mama akadakia, ameshtuka kwelikweli. "Si ndiko huko kwenye popo? Wateja wote unawaambia mkojo unadondokea kwenye sahani!"

Bi Geti alimtazama mama, kisha binti. Hakutukana. Alirudisha ufunguo mkobani, akafunga zipu.

"Pole na magoti, mama," alisema, akatoka.

"Kwani nimekosea nini?" mama akauliza.

Hasira ilimpanda fundi upya, ileile ya miezi yote, akageuka kutafuta wa kumshushia. Dukani alikuwemo mama yake tu, kitambaa mapajani, akingoja jibu.