Nyuma ya Mdiria

Juzi sokoni Kibuye niliona kalenda kuukuu: ndege mdiria ametua kwenye fito, nyuma yake ziwa tupu. Hapo nyuma palikuwa na banda la mama la kubanika samaki, lililotulisha.

Mchana picha ile ilipopigwa, nikiwa mtoto, mgeni mpiga picha alilala kifudifudi matopeni, macho yake usawa mmoja na ya ndege. Nilidhani anamwabudu. Nikajipanga mbele ya banda, nikatabasamu.

"Mama, hili banda linamharibia mgeni picha," alisema Ogola, mkubwa wa ufuo.

"Bwana Ogola, samaki bado wako motoni."

"Ndege hangoji samaki wako."

Ogola na ndugu yake Ouma waliling'oa likifuka moshi. Hawakumruhusu mama kujenga lingine, eti wageni watarudi.

Siku hizi nina simu, napiga picha ndege palepale. Mgeni angesogea hatua mbili tu kushoto, banda lisingeonekana.