Keki ya Asali Hotelini

Harufu ya siagi na vanila ikinipitia puani, hata leo na utu uzima huu, mimi hugeuka kutafuta inakotoka. Wenzangu hudhani nina njaa. Laiti ingekuwa njaa.

Nilikuwa na miaka minane, na baba yangu alikuwa na siku arobaini kaburini. Tulikaa Usoke, kwenye nyumba ya matofali aliyoijenga mwenyewe pembeni ya shamba la tumbaku. Nyumba hiyo baba mdogo aliitaka. Kikao cha ukoo cha kuamua jambo hilo kilikuwa kesho yake asubuhi, na mama alijua kwamba mtu mmoja tu angeweza kutuokoa: baba mkubwa, kaka yao wa kwanza, ambaye neno lake halikupingwa na yeyote. Alikuwa akiishi Dar es Salaam, lakini wiki ile alikuja Tabora kikazi. Akatuita siku hiyo hiyo tukanywe naye chai ya saa tisa hotelini, kabla hajaenda kupanda ndege.

Mama alinikata kucha, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa kama sufuria mpya, akanivika gauni la kwaya. Ndani ya basi alinirudia maneno yale yale: "Nyamizi, usile kwa pupa. Asije akadhani tumekwisha."

Jamani, hoteli ile! Sakafu ilikuwa safi hata nikaogopa kuikanyaga. Mhudumu alileta sahani tatu zilizopandana kwenye kijiti cha chuma: chini sambusa ndogo mno, katikati maandazi membamba yaliyojaa krimu, juu kabisa keki za asali zilizokatwa vipande vya mraba. Nilimwamkia shikamoo kila alipokaribia, naye maskini aliitikia marahaba mara nne bila kuchoka.

Nilikula kama nilivyoagizwa. Nilimega punje punje, nikatafuna taratibu, nikafuta midomo, nikamega tena. Asali ile ilikuwa na moshi kidogo, asali ya porini kwetu, ila ndani ya keki laini ilikuwa kitu kingine kabisa.

"Kula, mama, kula," baba mkubwa aliniambia, akaagiza sahani nyingine.

Mama hakugusa kitu, hata chai yake ilipoa. Kwetu mtu hatoi shida yake wenzake wakiwa wanakula. Bibi alitufundisha kwamba anayelia shida kwenye chakula anawalisha watu uchungu. Unasubiri wamalize, wanawe, ndipo useme una neno. Basi mama alisubiri. Kila nilipomeza alijiweka sawa kitini, na kila nilipochukua kipande kingine alirudi nyuma. Nilimwona akinitazama mdomoni. Nikadhani anajivunia adabu yangu, nikazidi kupunguza matonge.

Simu ya baba mkubwa ikalia. Gari lilikuwa limefika. Alisimama, akachukua koti lake.

"Shemeji, nilikuwa na neno," mama alisema.

"Nipigie, shemeji. Tutaongea vizuri." Akanipapasa kichwa, akaenda zake.

Mama alipiga tukiwa stendi, akapiga tena tulipofika nyumbani. Simu ilikuwa imezimwa. Alipompata, kesho yake mchana, kikao kilikuwa kimekwisha, na baba mkubwa akasema kwa masikitiko kwamba wazee wakishainuka hawarudishwi kwenye viti. Wiki mbili baadaye tulifunga vyombo tukaenda Urambo, kwa wazazi wa mama. Mimi nililia kwa sababu kuku wetu walibaki.

Hakuna aliyenieleza. Nilikuja kuyaunganisha mwenyewe nikiwa nina watoto wangu, siku nilipomkaripia mmoja wao kwa kuomba daftari mezani mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nikimtii mama, naye alikuwa akinisubiri, na kwa namna hiyo saa nzima iliteketea. Nilijichukia siku ile, nasema kweli.

Nikafunga safari hadi Urambo. Nilimkuta mama anachambua mchele, nikamuuliza kwa nini hakuninyang'anya ile sahani.

Hakuinua uso. "Tangu tumzike baba yako ulikuwa hujala ukamaliza chakula," alisema. "Kila kipande nilijiambia, acha amalize hiki kimoja tu."