Kunde za Kuazima

Pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, waliruka ua wetu wakala bustani yote hadi kwenye shina, wakaacha vitunguu tu. Mama mkwe wangu ndiye aliyeona kwanza, alipotoka asubuhi kwenda kuchota maji. Hakuita mtu. Aliweka debe chini akasubiri mpaka nilipotoka nikajionea mwenyewe. Nyayo zilikuwa pana kama visahani, zimezama katika udongo wa kijivu, nyingine juu ya matuta, nyingine katikati. Kunde zilikuwa zimeng'olewa. Mnavu ulibaki vijiti.

Ilikuwa mwezi wa saba, miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari. Mume wangu alikuwa mkamuaji katika shamba la mzungu mmoja kati ya Gilgil na ziwa la Elmenteita. Tulikuwa tumetoka magharibi mwaka uliotangulia, mimi, yeye na mama yake, tukapewa nyumba kwenye laini ya wafanyakazi na kipande cha kulima nyuma yake. Posho ilikuwa unga wa mahindi na maziwa yaliyokwisha kutolewa mafuta. Mboga ulijitafutia.

Kipande kilikuwa na sharti lake. Nyapara alitueleza siku tulipofika, na alilirudia asubuhi ile alipokuja kutazama hasara. Hakuwa mtu mkali. Alizunguka bustani taratibu, akauinua mti mmoja wa ua kwa mguu, akauachia.

"Mama, mimi sina neno na pofu," aliniambia. "Neno langu ni shamba tupu. Bwana anapita mwisho wa mwezi. Asipoona kijani, kipande kinarudi kwenye malisho ya ng'ombe."

Nilijua maana yake. Familia zilizopoteza kipande zilikula ugali kwa chumvi, na sikuona hata moja iliyokaa pale muda mrefu baada ya hapo.

Kulima upya hakukuwa kazi ya kutushinda. Tatizo lilikuwa mbegu. Mama mkwe alikuwa na utaratibu aliokuja nao kutoka kwao: mashina bora ya kunde hayachumwi majani, yanaachwa yakomae, tena yanapandwa ukingoni kabisa, mbali na mlango, ili mpishi mwenye haraka asiyafikie. Kwao, aliyekuwa akimaliza mbegu ni mtu. Hapa, ukingo uliokuwa mbali na mlango ndio uliopakana na vichaka vya leleshwa. Pofu walipotoka vichakani walianza na mbegu.

Niliomba kwa majirani. Zao zilikuwa ardhini, na maganda yalikuwa bado mabichi. Kwenda Gilgil kulihitaji pasi, na siku hizo pasi haikutolewa kwa ajili ya mbegu. Kunde zilizokauka zilikuwa mahali pamoja tu, nyumba ya pili kutoka kwetu, katika bustani ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiingia.

Mwenye bustani hiyo alikuwa mwanamke wa Kikuyu. Ndiye aliyenionyesha, nilipofika, jinsi ya kuwasha leleshwa mbichi bila kujaza nyumba moshi. Alipanda kunde zake mvua zilipoanza. Kabla ya palizi, lori la serikali lilikuja kuwachukua watu wa kabila lake wote waliokuwa kwenye laini ili warudishwe rizavu, eneo walilotengewa. Nyapara alisimama kando ya lori akisoma majina. Jirani alipanda na watoto wake na sufuria moja. Tangu siku hiyo magugu yaliota mpaka yakafika kiunoni, na kunde, bila mtu wa kuzichuma majani, zikakomaa humo humo.

Nilichukua ungo. Mama mkwe akaniambia niurudishe.

Kwao, alisema, mwanamke akifa majirani huingia bustanini mwake wakavuna mbegu, kila mmoja akapande kwake. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya msiba. Ukimfanyia hivyo mtu aliye hai, umemzika. Nilimuuliza tunajuaje kama yu hai. Naye akaniuliza tunajuaje kama amekufa.

Habari hiyo ilifika bombani kabla yangu. Mke wa dereva wa trekta, mwanamke mwenye ulimi, alinitazama nikijaza debe. "Pofu wamekula mboga," alisema, "sasa nyinyi kuleni desturi." Wenzake walicheka. Mimi pia nilitaka kucheka, ila mwezi ulikuwa unakwisha.

Sikumshinda mama mkwe kwa maneno. Aliamua mwenyewe. Asubuhi moja alichukua jembe badala ya ungo, akanipa langu, tukaenda hadi kwenye ile bustani. Akasimama pembeni akapiga hodi, kwa sauti ya mtu anayejua mwenyeji yumo ndani. Kisha akasema, "Jirani, nimekuja kuazima. Nitakurudishia na nyongeza. Sikuja kugawana vyako."

Hakunifundisha la kusema. Alianza kupalilia. Tulipalilia bustani nzima ya yule mwanamke, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, huku yetu ikiwa tupu. Nililalamika mara moja tu, mgongo ukiniuma. Alisema hakuna mtu anayempalilia maiti. Watakaopita wakiona imepaliliwa watajua mwenyewe anangojewa. Mke wa dereva alipita na kuni kichwani. Safari hii alizungukia pembeni ili asikanyage palizi.

Baada ya palizi ndipo tukachuma maganda makavu, si yote, tukapukuchua. Tukapanda kwetu, karibu na mlango mara hii, na ukingoni tukalaza matawi ya miiba. Kunde ziliota kabla bwana hajapita. Alipita ndani ya gari bila kusimama. Nyapara alitikisa kichwa kukubali, kisha akaendelea hadi nyumba ya pili.

Akarudi. "Nani analima pale?"

"Mwenyewe," mama mkwe akasema.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hilo ningekuuliza wewe. Wewe ndiye uliyesoma majina."

Nyapara aliangalia viatu vyake. Akaondoka. Bustani ile ililimwa na trekta ikawa malisho kabla ya mvua ndogo, lakini hakuja kutuambia. Tulisikia mngurumo tu.

Tulipovuna, mama mkwe alipima kwanza zile tulizoazima, akaongeza konzi mbili, akazifungia katika kibuyu. Kunde zikikaa sana hazioti, kwa hiyo kila msimu alizipanda mstari wa peke yake na kujaza kibuyu upya. Mboga za mstari huo hatukuzila.

Hali ya hatari ilipokwisha na watu wakaanza kurudi kutafuta kazi, alimuuliza kila mwanamke wa Kikuyu aliyeshuka kwenye laini habari za jirani yetu. Mmoja alisema amemwona katika kijiji fulani upande wa Kinangop. Mwingine alisema huyo aliyeonekana ni dada ya jirani yetu, wanafanana. Mama mkwe alisafiri hadi Kinangop na kibuyu kikapuni, akarudi nacho. Watu wa huko walimwambia mwanamke wa namna hiyo alikuwepo, na alihama, na hawakukubaliana alihamia wapi.