Soksi za Mama Kirit

Mimi nimesema uongo mwingi hapa Sumbawanga, na wote nimeutoa bure. Niliwaambia watu kwamba upepo wa kule kijijini Kate ulimtikisa ng'ombe wangu mpaka akatoa siagi badala ya maziwa, wakacheka, wakaninunulia chai. Lakini huyu Mama Kirit ni mtu kweli, na habari yake sikuitia chumvi.

Ni mjane wa Kihindi. Duka lao la vitambaa liko njia ya sokoni. Amezaliwa hapahapa, Kifipa anakijua kuwashinda wajukuu zangu. Tangu aanguke ngazini anaishi ghorofani nyuma ya nondo za roshani, na funguo za geti anazo mwanawe Kirit. Mimi nampelekea maziwa asubuhi. Anateremsha kikapu kwa kamba, natia chupa, anavuta, halafu ananiambia:

"Albina, nidanganye kidogo."

Basi nakaa kwenye ngazi za duka, namdanganya.

Kirit alipokuwa mtoto aliugua surua, akawa wa kufa. Mama yake akaweka nadhiri: akipona, atakwenda kuoga maji ya hekalu la Muktinath, huko Nepali, juu kabisa milimani, mahali Wahindu na Wabudha wote wanapopaheshimu. Maji yenyewe yanatoka kwenye midomo ya ng'ombe wa shaba, baridi yake meno yanagombana. Kirit akapona, akaota ndevu, akaota kitambi. Nadhiri ikabaki palepale. Mwaka huu mama akasikia Wahindu wa Dar wana msafara, wanaondoka baada ya Pasaka. Akafuma soksi za sufu, jozi mbili.

"Ya pili ya nani?" nikamuuliza.

"Yako. Nani atanibebea mfuko?"

"Mimi Mkatoliki, Mama Kirit."

"Na miguu nayo imebatizwa?"

Kirit alikataa kwanza. Mama akagoma kula, akagoma kusema naye. Siku moja Kirit akaniita dukani mbele ya wateja.

"Shikamoo, mama Albina. Nadhiri hii ni kwa ajili yangu. Nikimzuia, dhambi yangu. Nikimwacha akafie huko, dhambi yangu pia. Mpandishe mlima wa Mbizi mpaka kwenye mnara wa simu kileleni. Akifika, aende Nepali. Wewe utaniambia, na mimi nitakuamini."

"Uniamini mimi?"

Wateja wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Habari ya mama hutaniongopea."

Hapo ndipo niliponaswa, jamani.

Bajaji ilituacha chini ya mlima. Mama Kirit alivaa raba za mjukuu wake na soksi zile, akaanza kwa kuimba. "Twende, wewe uliyembeba punda aliyechoka!" Maana hata hilo niliwahi kumwambia. Kabla hatujafika kwenye miti wimbo ukakatika. Kisha maneno yakakatika. Kisha akakaa kwenye majani, mkono kifuani, midomo rangi ya zambarau. Mnara tuliuona, mwembamba kama sindano. Chini yetu mabati ya mji yalimetameta, akayatazama kama mfungwa aliyepewa ruhusa ya kutoka kidogo.

"Utasema nimefika."

Nikainama kumfunga kamba ya raba.

"Albina. Punda umembeba. Siagi umekamua kwa upepo. Kipande hiki tu cha njia kinakushinda?"

Nilikuwa nasikiliza pumzi yake. Ilikuwa inalia kama mlango wa zizi.

Tuliporudi, Kirit alisimama mlangoni, futi ya kupimia vitambaa imening'inia shingoni.

"Amefika?"

Mama Kirit alinishika kidole, akakibana kweli. Uongo ninao tayari, mzuri, una mikono na miguu: mnara umepakwa rangi nyekundu, mlinzi wake ametukaribisha maji, mama yako ameyanywa amesimama. Nikafungua mdomo. Ukagoma kutoka.

"Hakufika," nikasema.

Kidole akakiachia. Kirit naye hakufurahi. Alikaa juu ya robota la vitenge, akafunika uso. Kisha akampandisha mama yake taratibu, na geti likalia nyuma yao.

Kesho yake kikapu hakikushuka. Wala keshokutwa. Msafara ukaondoka Dar. Mimi niko palepale chini na chupa yangu.

"Mama Kirit! Leo nina habari ya kiboko wa Ilemba aliyekwenda kuposa!"

Halafu nikaona vidole vyake kwenye nondo.

"Maisha yote umenidanganya," akasema. "Siku moja tu nimekuomba uongo, ukajifanya mtakatifu."

Akatupa soksi. Moja. Ikaniangukia begani. Nikaivaa palepale mguu wa kushoto, nikakaa kwenye ngazi, nikaanza habari ya kiboko kwa sauti kubwa, nikisubiri ya pili.

Maziwa yamepoa. Ya pili hajaitupa. Lakini mlango wa roshani hajaufunga.