Kifurushi cha Natto Chini ya Joho

Kwa miaka ishirini na sita Tsuneo Iwakiri hakuonja natto, naye ni mtu wa Mito, mji ambao asubuhi bila soya zile zilizochacha, zinazonuka na kuvutika nyuzi, si asubuhi. Wenzake wa kiwandani Himeji, mji wa mbali ambako natto haipendwi, walimtania wakimwita mla soksi. Yeye alicheka tu. Angekula vipi, na kazi yake ni ile?

Kazi yake ilikuwa kulea ukungu. Kiwandani walitandaza pumba za ngano zilizopikwa kwa mvuke kwenye trei za mbao, wakanyunyiza mbegu za ukungu wa kijani, wakazifungia kwenye chumba chenye joto na unyevu. Ukungu ukishiba hutoa vimeng'enya vinavyokula kuta za seli za mimea. Mtafiti akichovya kipande cha jani ndani ya maji ya vimeng'enya hivyo, kuta huyeyuka, seli zikabaki uchi, viduara laini kama mayai ya samaki. Hapo ndipo kazi yake ya maabara inapoanza. Lakini kijidudu cha natto kikiingia kwenye pumba huzaliana kama kimetumwa, na uchafu wake huzitoboa zile seli uchi zikafa zote.

Kwa hiyo aingiaye chumba cha ukungu hali natto, basi. Na mkali wa sheria hiyo alikuwa Iwakiri mwenyewe. Mkali kweli, mpaka alikera! Asubuhi alisimama mlangoni akinusa watu midomo. Mwaka 1972 alimnusa Kuroiwa, rafiki yake wa chanda na pete, akamtoa siku hiyohiyo bila maneno mawili. Kuroiwa akapelekwa stoo kusukuma toroli, na toka hapo wakabaki kusalimiana kwa kichwa tu.

Mei ya 1981 Iwakiri alikwenda kumwona mama yake, Fumi, ajuza wa miaka themanini na minne. Mama akamwekea bakuli la natto aliyoitengeneza mwenyewe. Iwakiri akalisukuma pembeni, akajitetea kwamba ni kazi.

"Kwani huo ukungu ndio uliokuzaa?" mama akauliza.

Iwakiri alikula wali na achari tu. Kesho yake mama akamfungia kwenye kitambaa joho lake la kazini, alilokuja nalo chafu naye mama akalifua na kulipiga pasi, na chakula cha njiani. Jumatatu Iwakiri alichelewa. Akalichomoa joho bila kuangalia chini yake, akalivaa, akaingia chumbani na kugeuza pumba kwa mikono asubuhi nzima. Mchana alipofungua kitambaa vizuri, akakuta kule chini kifurushi cha majani ya mpunga kilichokazwa kwa kamba. Natto. Joho lilikuwa limelala juu yake njia nzima kutoka Mito.

Alikificha kifurushi kabatini, akaliosha joho mara tatu, akanyamaza. Lakini kukaa hawezi, kusimama hawezi. Aliingia chumbani, akatoka, akaingia tena. Ukungu wenye afya hunukia nazi. Akanusa trei ya kwanza, nazi. Ya pili, nazi. Ya tisa akahisi kitu, akarudi ya kwanza, sasa hata harufu ya hiyo hakuijua tena. Usiku aligeukageuka mpaka mkewe akahamia chumba cha pili.

Jumanne Bibi Nishiwaki wa chumba cha vipimo alimsimamisha koridoni, akamwuliza kama anaumwa. Kisha akamwambia mzigo wa vimeng'enya vya trei zile unakwenda kwa mtafiti mmoja wa Hokkaido, ambaye miche yake ya nadra imebaki tisa tu, naye ataitumia yote. Kipimo cha kiwandani hufanywa kwa jani la tumbaku, na tumbaku ni sugu; mzigo mchafu kidogo ungepita, mtu asijue. Seli za ile miche tisa zisingepona.

Jumatano asubuhi akaenda kwa msimamizi, Bwana Sonobe, akasema yote. Sonobe akakuna kichwa, akashauri wasubiri kipimo, pengine hakuna tatizo.

"Kuroiwa nilimsubiria kipimo?" Iwakiri akasema.

Sonobe akaamuru trei zote zichomwe kwa mvuke na pumba zitupwe, na Iwakiri asikanyage tena chumba cha ukungu. Aliyeleta toroli ya kuzibeba ni nani? Kuroiwa. Alimsogelea Iwakiri mpaka pua kwa pua.

"Fungua mdomo, mzee." Akanusa. "Mbona hunuki?"

"Sijala."

"Umetolewa kwa natto ambayo hujaila?" Kuroiwa alicheka mpaka akakaa juu ya toroli.

Mchana Iwakiri alikitoa kifurushi kabatini, wakakaa wawili juu ya magunia nyuma ya stoo. Akaikoroga natto, nyuzi zikavutika, akatia mdomoni. Ilikuwa ileile ya utotoni. Akaliona bakuli alilolisukuma, na mkono wa mama ukiliondoa mezani, na uchungu ukampanda mpaka machozi yakamtoka mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimfukuza. Kuroiwa alijifanya hajaona. Alitafuna kwanza.

"Na mimi siku ile sikuwa nimekula," akasema. "Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja. Alinimwagia natto yake shingoni wakati namuaga."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Iwakiri aliweka vijiti chini, akapiga magoti kwenye vumbi la pumba, akainama mpaka paji la uso likagusa ardhi, akabaki hapohapo. Kuroiwa akachota natto nyingine.

"Inuka ule," akasema, "kabla sijaimaliza natto ya mama yako."